Kipimo Alichokikataa Kamau

Jumatatu, 4 Machi 1996
Sare za shule tena. Kola nimeshona kinyume, nikaifumua. Akili iko Ruiru, kwa mdogo wangu Wairimu. Uvimbe wa shingoni ni saratani. Dawa ipo, ila kali. Daktari anataka kwanza damu ipimwe, zihesabiwe chembe zinazolinda mwili. Zikiwa za kutosha, dawa itasaidia. Zikiwa chache, itammaliza. Basi apimwe. Kuna ugumu gani?

Alhamisi, 7 Machi
Ugumu ni Kamau. Mume mzima, anakataa mkewe apimwe.
"Mama Njoki," ananiambia, "siku hizi mtu akipimwa kinga, si unajua ni ile kitu? Watu watasema nini?"
Ile kitu. Ukimwi hata kuutaja hawezi. Watu! Watu ndio wanaoumwa? Nimerudi Thika bila kugusa chai yake.

Jumapili, 17 Machi
Uvimbe umeshuka hadi kwapani. Ugali haupiti, ni uji tu. Kamau yuko kanisani, anaomba kwa sauti kubwa kuliko wote.
Leo nimeng'amua. Haogopi watu. Alifanya kazi Mombasa miaka miwili, peke yake, na anayajua aliyoyafanya huko. Damu ya mkewe ikisema kitu, itakuwa imemsema na yeye. Mwoga! Anajificha nyuma ya mgonjwa. Nina hasira.

Ijumaa, 22 Machi
Sikuomba ruhusa ya mtu. Nimempeleka mwenyewe. Ametolewa damu, ihesabiwe chembe na ipimwe Ukimwi pia.

Jumanne, 2 Aprili
Majibu. Chembe zinatosha. Ukimwi hana.
Kamau, aliyekuja bila kuitwa, alishusha pumzi, akacheka, akasema Mungu ni mwema. Akakimbia kununua soda. Hakuuliza dawa itaanza lini.
Daktari aliniambia mimi, polepole. Damu iko tayari, lakini ugonjwa umetutangulia. Mngekuja mapema. Atajaribu.
Mngekuja! Soda yangu nimeimwaga kwenye maua ya hospitali, Kamau akiniangalia.

Jumamosi, 6 Aprili
Dripu ya kwanza imeisha. Ametapika, sasa amelala. Mvua kidogo nje.
Kabla ya kulala alinishika mkono, akaniomba nisigombane na Kamau. Alijua tangu siku ya kwanza anachoogopa mumewe. Alikuwa anamsubiri apate moyo.
Nimekubali. Kwa mdomo.