Skrubu za Benchi la Sauna

Tapani,

Supu ya samaki iko kwenye friji. Nimempeleka baba yangu zahanati. Asubuhi aliingia sauna, kile chumba chetu cha mvuke wa moto, akakaa uchi kama tunavyokaa sote, akaruka akipiga yowe. Ewe fundi wa maneno, benchi umelifunga skrubu kwa juu! Chuma kikipata moto ni pasi. Hata mtoto wa chekechea anajua skrubu za sauna hufungwa kwa chini. Makalio ya mzee yana alama nne, tena zimenyooka kuliko mbao zako.

~~Muite fundi wa kweli.~~ Hapana. Bisibisi hii hapa, zitoe mwenyewe.

Baba anakutetea, eti kila mtu hujifunza. Haya. Jioni nawasha sauna. Utatangulia kukaa wewe, na baba atasimama mlangoni akikuangalia.

Mkeo, Riikka