Kipepeo Aliyeruka Ukuta

3 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti. Anayeniandikia ni fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja. Nimemwambia aandike yote, hata nikikohoa. Binti yako alipita hapa. Eti uani kwako vipepeo tele, na ndege wamejenga kiota! Kwako wewe, uliyekuwa ukitumwa kupalilia unalala juu ya jembe! Mimi nina mawaridi ya dukani, uwanja naufagia mpaka unang'aa, na hata nzi hatui. Sina wivu. Nataka mbegu tu.

Dada yako

20 Januari

Dada, shikamoo,

Huku tu wazima. Mbegu nilizotia humu ni za mimea ya porini, ile ile tuliyokuwa tukiing'oa shambani. Weka na kisahani cha maji chenye mawe. Usipulize dawa, na kona moja usiifagie.

Mdogo wako

11 Mei

Wewe mtoto wa mama yangu,

Salamu baadaye. Umeniletea viwavi! Wana milia, wamekomba majani yote. Nimewaokota mmoja mmoja, nikawazamisha kwenye hicho kisahani chako. Fundi anasema nipoe kwanza. Andika, fundi! Tangu utotoni ukipata kizuri hutaki nami nipate. Na lile gauni langu la njano ulilichana makusudi.

Dada yako

19 Mei

Dada, shikamoo, na pole,

Hao viwavi ndio vipepeo wenyewe, kabla ya mabawa. Mwaka wa kwanza mimi nami niliwaua wote. Nikanyamaza, usije ukanicheka. Gauni lilichanwa na paka.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Nimekawia kwa aibu, si kwa magoti. Kwenye kona nisiyoifagia alibaki mmoja. Akajining'iniza kijitini, akajifunika gubigubi. Nikaweka kigoda, nikamlinda siku tisa, hata kuoga naoga mbio. Jana katoka, rangi ya chungwa! Akakausha mabawa, akaruka ukuta, akatua kwa fundi. Kwenye magugu ambayo mvivu huyu hajayafyeka tangu ahamie! Na sasa anaandika huku anatabasamu, namwona.

Njoo mwenyewe na mbegu nyingine. Lete na za fundi, kipepeo wangu apate pa kwenda na kurudi.

Ila za fundi ziwe chache.

Dada yako