Mawese ya Bi Zaituni

Mjukuu wangu Asha,

Barua yako imefika. Bibi yako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Unaniuliza kama ni haki kamera za barabarani kutuchungulia sote.

Enzi zangu za udereva tulikuwa tunawashiana taa. Ukimmulikia mwenzako mara moja, anajua trafiki yuko mbele. Mara mbili, njia nyeupe, akanyage mafuta. Siku moja pale Kasingirima nilimpita Bi Zaituni, muuza dagaa, anataka kuvuka na beseni lake. Nilimwona vizuri kabisa. Hatua chache mbele nikakutana na lori, nikalimulikia mara mbili kwa mazoea.

Nilisikia kishindo nyuma yangu. Niligeuza gari, nikamkimbiza Bi Zaituni hospitali. Alipona, ila hadi leo anatembelea gongo. Lawama zote zilimwangukia dereva wa lori, nami nikanyamaza. Hata bibi yako hajui.

Kuchunguliwa sikupendi, Asha. Lakini kila nikitaka kuzilaumu hizo kamera, ulimi unakuwa mzito. Bi Zaituni bado huniletea chupa ya mawese kwa kumwokoa. "Mungu anakuona, dereva wangu," huniambia, nami huipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Babu yako