Ushungi wa Kwa Panya

Jumapili, 5 Januari
Nimefua. Nimempikia uji binti yangu Rahma, hakuumaliza. Vidole vimevimba tena. Daktari kasema kinga ya mwili wake inamshambulia mwenyewe. Salma, mwanawe Rahma, kenda kazini, maabara, kwa panya wake. Wamegeuzwa mbegu yao wazaliwe na maradhi ya mama yake, wajaribiwe dawa. Kusoma kote kule, kuja kulea panya. Na udi hataki, eti harufu inawatia panya khofu. Mjukuu wangu mimi atoke nyumbani hanukii, kama hana wenyewe!

Jumanne, 7 Januari
Salma ana ushungi wa kuvaa kwa panya tu. Anaufua mbali, anaufunga ndani ya mfuko. Alipoingia kuoga nimeufungua. Nimeufukiza udi kidogo juu ya chetezo, nikaufunga kama ulivyokuwa. Ana mafua, hatajua.

Alhamisi, 9 Januari
Salma karudi macho mekundu. Panya majike wamekula watoto wao. Wote. Wakistushwa hufanya hivo. Watoto wale wamesubiriwa miezi. Mkubwa wake kamwambia ikitokea tena atamtoa. Salma hajui kakosea wapi.
Mimi nnajua.

Ijumaa, 10 Januari
Sikusema.

Jumamosi, 11 Januari
Rahma kashindwa kushika kikombe. Kamuuliza mwanawe dawa ile vipi. Salma kasema wamerudi nyuma, akainamisha kichwa kama mwizi. Sikuweza tena. Nimemwita jikoni nikamwambia yote.
Nilitaka anigombe. Yeye kasema, "Bibi, uliona haya watu wa hapa Bausher waseme sinukii?"
Ndiyo. Niliona haya. Nimemwambia akamweleze mkubwa wake, na jina langu alitaje. Mzee mzima mimi, kichwa kigumu.

Jumatano, 12 Februari
Salma hakutolewa. Wamezaliwa panya wengine, tisa. Wana siku kumi, manyoya yameota. Kanionesha kwenye simu. Wataumwa kama Rahma, kisha watakufa. Nimewatazama sana.
Baada ya alasiri nimemwombea Rahma. Nikawaombea na wao. Sijui kama panya huombewa. Sikumuuliza mtu.