Bi Harusi Mmoja, Magari Kumi na Manne

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili kanipa dada. Eti niandike hasira zangu humu, niache kuzimwaga mezani wakati yeye anasahihisha kazi za wanafunzi. Haya, mwalimu kasema! Shuleni tuliingia mlango mmoja mimi na yeye. Yeye akabaki humo akawa mwalimu, mimi nikatokea dirishani nikawa fundi magari. Na fundi hasa, si wa kubahatisha. Injini ikikohoa kona ile, najua inaumwa nini kabla haijafika gereji. Sikio hili halijawahi kunidanganya.

Leo hasira ninayo. Tulikuwa chini ya pikapu ya mjomba, mimi na mjomba mwenyewe, redio iko juu ya benchi. Likasomwa tangazo: baraza la mji litapiga marufuku magari ya zamani ya dizeli kuingia katikati ya mji. Sababu — tabianchi. Wananchi waje Jumamosi ukumbini watoe maoni. Halafu wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mmoja anasema jua ni lilelile la babu yake, mabadiliko gani tena. Wa pili analalamika mvua siku hizi haijui mwezi wake. Wa tatu muuza magari ya umeme, sauti kama kameza asali, anasema mji utapumua tukiviondoa hivi vyuma chakavu.

Vyuma chakavu! Moshi wa dunia nzima, wa miaka mia na ushee, leo umebebeshwa pikapu ya mjomba!

 Mjomba alinyoosha spana akazima redio nayo. Gereji yetu ina magari kumi na manne tunayoyatunza, yote ya dizeli, yote yanapeleka mizigo soko la katikati. Yakizuiwa, tufunge mlango tukauze kufuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimejichongea. Mdomo huu! Ungekuwa unafunguka kwa bolti ningeukaza.

Tulikuwa mezani. Dada anasema darasa lake linatazama barabara ya soko, watoto wanakohoa kama wazee. Nikamwambia magari yetu yote yamepita ukaguzi wa moshi, vyeti vipo ukutani, njoo usome wewe msomi. Akasema, “Na Kobe? Kobe likipita dirishani kwangu ubao wenyewe siuoni. Limepitaje?”

Kobe ni gari la Mama Mayai, mteja wetu anayepeleka mayai sokoni. Mwendo wake ni huo wa jina, na moshi wake ni kama jiko la kuni mbichi.

Hapo ndipo nilipojigamba. Nikamwambia habari za Bi Harusi. Ni kichujio cha moshi, kimoja tu, kizima, tulikifungua kwenye lori lililopinduka. Gari likiitwa kwenye ukaguzi tunamfunga Bi Harusi chini ya tumbo lake. Linapita mbele ya mashine linatoa hewa kama mtoto aliyelala. Likirudi tunamvua, anamsubiri bwana mwingine. Kila gari lina siku yake, kwa hiyo mabwana hawagongani. Mwaka wa tatu huu! Na wazo la nani? La huyuhuyu aliyetokea dirishani.

Dada hakucheka. Alisema, “Kumbe.” Basi. Mwalimu akikwambia kumbe, ujue kuna mahali kaandika.

Alhamisi, 6 Machi

Madereva wamekutana gereji. Wanataka msemaji wa Jumamosi. Dereva wa mkaa anasema asemee mjomba, mjomba anasema yeye mbele ya watu ulimi unaganda. Kanionyesha mimi: “Mpwa wangu huyu mdomo wake haujawahi kuishiwa mafuta.” Wakapiga makofi. Nimekubali kwa unyenyekevu — yaani kabla hawajamaliza kuniomba.

Dada naye atasema Jumamosi. Upande wa pili. Mezani leo hakunisogezea kitu. Chumvi nimeifuata mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Kalamu imetoboa karatasi, si kwa woga. Kwa hasira! Na woga kidogo.

Ukumbi ulijaa. Mheshimiwa wa baraza alikuja saa moja baada ya wakati, gari lake refu kama nyumba ya kupanga, dereva kabaki ndani yake pale nje, injini inaunguruma ili kiyoyozi kisizimike. Mheshimiwa akapanda jukwaani. Dunia inaungua, akasema. Kila mmoja ajitoe mhanga, akasema. Mimi namsikiliza kwa sikio la kulia, la kushoto nasikia gari lake. Saa nzima halikuzimwa!

Mzee mmoja akasimama kusema tabianchi ni hadithi ya wenye magari mapya ya kuuza. Akazomewa na nusu ya ukumbi, nusu nyingine ikazomea wazomeaji. Mtu wa shamba akasema yeye kapanda mara mbili msimu huu na mara mbili mbegu imekaukia ardhini, anayeona ni hadithi akamsimulie hiyo mbegu. Kelele. Mwenye kipaza sauti akakizima, akakiwasha, akakizima.

Ndipo akasimama dada. Kavaa vizuri, kajishika. Akakunjua pazia la darasa lake. Lilikuwa jeupe mwaka jana, akasema. Sasa lina rangi ya soli ya kiatu. “Hiki kinachoonekana hapa,” akasema, “watoto wangu hamsini na wawili wanacho kifuani.” Watu wa mbele wakainuka kulitazama. Hata mimi niliinua shingo.

Zamu yangu. Kipaza sauti hiki hapa! Nikaanza na Mheshimiwa: “Lile lako huko nje lina homa? Mbona linatetemeka tangu ulivyoingia?” Ukumbi ukalipuka. Watu wakapanda viti. Nikawaambia hawa wanaotufukuza mjini mboga zao zinafika kwa miguu? Makofi. Mayai yatakuja yakibingirika? Makofi. Makofi ni pombe, nimejua leo. Nikalewa. Nikasema magari yetu kumi na manne ni masafi kuliko lake, vyeti tunavyo, na asiyeamini alete mashine yake hata keshokutwa ayapime hadharani!

Nilivyoshuka nikamwona dada kanyoosha mkono. Sauti ya upole, ile anayomwambia nayo mtoto atoe kitu mdomoni. “Namuunga mkono mdogo wangu. Yapimwe. Ila yapimwe yote pamoja, siku moja, saa moja, uwanja mmoja, kila mtu aone.”

Ukumbi mzima ukashangilia. Na madereva wetu wakashangilia! Dereva wa mkaa alipiga makofi mpaka katikati, mikono ikabaki hewani. Wakaanza kugeukiana mmojammoja. Mjomba peke yake hakupiga hata moja. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi kama usukani.

Jumatatu saa nne, uwanja wa shule. Mheshimiwa kasaini.

Nimemfuata dada njiani. Nikamuuliza, kwa nini hukusema tu mbele za watu kwamba tunadanganya, ukamaliza? Akasema, “Siwezi kumchoma ndugu yangu.” Kumbe huku ni kunipaka mafuta!

Jumapili, 9 Machi

Bi Harusi mmoja, wachumba kumi na wanne. Tangu asubuhi ni ugomvi. Dereva wa mkaa anasema yeye ana watoto sita. Mwenye gari la maji anasema yeye ndiye aliyelivuta lile lori lililopinduka, kwa hiyo bibi ni wake. Wamesukumana. Na wote, wote! wananigeukia mimi: wewe na domo lako. Jana mlinishangilia, leo domo langu?

Mjomba kamaliza ugomvi. Kamfunga Bi Harusi kwenye pikapu yake na kulala chali hapohapo chini yake, atakayemtaka apite juu ya kifua chake. Nikamwambia mjomba, na wengine kumi na watatu? Akasema, “Kila mbuzi ale urefu wa kamba yake.” Watu waliomlisha miaka yote hiyo!

Mama Mayai hakugombana na mtu. Alingoja wote waondoke. “Mwanangu,” akasema, “Bi Harusi simtaki. Kila mwaka mnanivalisha koti la watu. Niambie ukweli, Kobe wangu anapona au haponi?”

Mtu kuniuliza mimi swali hilo! Miaka mitatu hakuna aliyeniuliza. Wanauliza lini atafungwa Bi Harusi, basi.

Nimefungua nozo zote nne. Zimeziba, dizeli badala ya kupulizwa inamwagika tu, ndiyo maana ya moshi. Nimezisafisha moja moja, nimebadili chujio la hewa — lile la zamani lilikuwa na kiota cha panya, naapa — nimepanga valvu. Siku nzima, sikula. Mama Mayai kashika taa mchana kweupe, eti nione vizuri. Mjomba kapita akasema kazi hii yote ya nini, Bi Harusi anavalishwa robo saa.

Ni kweli, robo saa. Nikaendelea na valvu. 

Kobe limewaka jioni. Moshi kidogo mwanzoni, kisha sioni. Ila giza lilikuwa linaingia, siwezi kuapa.

Jumatatu, 10 Machi

Uwanjani. Naandika nimesimama.

Magari kumi na manne kwenye mstari. Pikapu ya mjomba ya kwanza, Kobe la mwisho. Watu wamepanda hadi ukutani. Mashine ya kupima moshi haikuja — iko kwa fundi! Watu wamecheka mpaka basi. Dada akasema yeye ana kitambaa cheupe, kikishikwa nyuma ya bomba dakika moja kitasema chenyewe. Mheshimiwa kakubali, ana haraka, ana mkutano mwingine wa tabianchi mahali pengine. Gari lake linaunguruma getini.

Kwa sababu ya haraka katoa amri mpya: gari moja liwakilishe yote. Likipita, yote yanabaki mjini. Likifeli, yote nje kuanzia kesho. Na achague nani? “Yule kijana wa Jumamosi.”

Madereva karibu waimbe! Dereva wa mkaa kanikonyeza macho yote mawili. Mjomba kagonga boneti ya pikapu, taratibu, kama anamwita ng'ombe.

Namtazama dada. Ana maneno mawili tu ya kusema na mimi ninakwisha. Kuna Bi Harusi. Basi. Siku sita anayo mdomoni na hajayatema. Angeyatema ningekuwa na mtu wa kumkasirikia! Kanipa kitambaa. Kabla hata gari moja halijawashwa kina doa jeusi — dole gumba langu. Nikamwomba kingine. Hana. “Hilo najua ni la kwako,” kasema. “Endelea.”

Nikaanza kutembea. Nimepita pikapu. Mjomba kaniita kwa jina langu lenyewe, ambalo huwa analitumia nikivunja kitu. La pili, la tatu. La mkaa — kaacha kukonyeza.

Sasa nimeegemea la saba. Naandika, watu wanadhani naandika namba za magari. Mheshimiwa anatazama saa. Nikirudi ni hatua chache, Bi Harusi ananingoja, nje ya gereji anayejua ni mmoja tu na hatasema. Mbele yamebaki saba, na huko mwisho kuna kazi ya mikono yangu, ya siku moja, ambayo sikuiona vizuri kwa sababu ya giza.

Kitambaa nimekikunja, doa langu ndani.

Huko mwisho wa mstari Mama Mayai kawasha bila kungoja aambiwe. Watu wote wamegeuka kutazama. Mimi sijageuka. Nafunga daftari, nafumba macho, nasikiliza kama linakohoa.