Nimemtoa Khalfan

Jumatano

Hatimaye nimemtoa. Wiki tatu nilikuwa nnamwogopa Khalfan, si kwa ukali wake, bali kwa kuwa ni mtoto wa ami yangu. Ami ndiye aliyeniomba nimpe kazi ya mabomba katika nyumba hii ya Azaiba, jengo langu la kwanza kulisimamia peke yangu.

Leo nilimtaka afungue maji ya vyoo vya juu mbele yangu. Haikupita robo saa, dari ya sebuleni ikaanza kutona. Mara ya tatu hii!

"Dogo hilo, dada," akasema. "Nitaziba kesho."

"Kesho yako nishaisikia sana, Khalfan. Kusanya vyombo vyako. Kazi nnampa mwengine."

Akacheka. Akampigia baba yake palepale, akafungua spika ili mafundi wote wasikie nnavyokemewa.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Maji yanavuja au hayavuji?"

Khalfan akaitazama dari.

"Basi mpe dada yako funguo, uje nyumbani."

Akanipa.

Fundi mpya kutoka mtaa wa Ghala anaanza Jumamosi. Nnaogopa atakayoyakuta ndani ya kuta, na mwenye nyumba lazima nimwambie mimi mwenyewe. Nitamwambia.

Lakini leo nilipotoka pale niliingia garini, nikafunga vioo vyote, nikapiga kigelegele mpaka koo likaniuma.