Stoo Aliyoiandika Binti Yangu

Mwenzangu, acha unachofanya unisikilize. Nimeumbuka.

Wamekuja wanafunzi tisa na mwalimu wao, kila mmoja na riwaya ya binti yangu mkononi. Wanataka kuiona nyumba iliyomo kitabuni. Nikawakaribisha, kichwa kimevimba kwa sifa.

Msichana mmoja akauliza, "Mama, iko wapi stoo ambamo yule mama anamfungia mtoto?"

Nikacheka. "Mwanangu, hayo ni ya kubuni." Nikaifungua waone ndoo na mafagio tu.

Akaingia, akavuta mlango, akawasha tochi ya simu. Kisha: "Mwalimu, njoo uone!"

Upande wa ndani wa mlango, chini, kimo cha mtoto wa miaka saba, pamejaa maandishi ya penseli. Mwandiko wa binti yangu! Hadithi nzima ya panya mwenye ufunguo. Mistari imepinda, maana mle hamna taa.

Panya mwenye ufunguo, unanielewa?

Nilikuwa namfungia dakika chache tu, nipike kwa utulivu. Unajua alivyokuwa mtundu. Dakika chache! Lakini hadithi ile si ya dakika chache.

Mwalimu akapiga picha, akanishika mkono. "Kumbe mwandishi wetu alianzia hapa! Asante sana, mama."

Amenishukuru, mwenzangu. Amenishukuru!

Wameondoka. Kitasa nimeking'oa. Nimekaa hapa na bisibisi mkononi, namba ya binti yangu iko mbele yangu, na sijui nikimpigia nianze na neno gani.